Kufuli lililofaulu majaribio bado lina kesi ya kujibu

Mtu akiniambia kufuli lake la programu, yaani msimbo unaoruhusu mmoja tu aingie kwa wakati mmoja, ni salama kwa sababu limekimbia usiku kucha bila hitilafu, namsikiliza kwa adabu, ila siamini. Majaribio hupitia mipishano michache tu ya hatua za programu zinazoendeshwa pamoja, na ule mbaya unaweza kungoja hadi siku mfumo umeelemewa.

Mwaka 1965 mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alichapisha suluhisho la kuzuia michakato (programu zinazoendeshwa sambamba) isiingie kwa pamoja katika sehemu nyeti ya programu, ile inayogusa data ya pamoja. Mwaka 1966 Hyman akatoa toleo lake jepesi la michakato miwili, mistari michache tu: pandisha bendera yako (alama kwenye kumbukumbu kwamba unataka kuingia), kama zamu si yako, subiri bendera ya mwenzako ishuke, jitwalie zamu, kagua tena, ingia. Ukisoma haraka, unatikisa kichwa kukubali.

Sasa twende polepole. Zamu ni ya mchakato A. Mchakato B unapandisha bendera, unakuta ya A iko chini, na kabla haujaandika kwamba zamu ni yake, unasimamishwa. A unaamka, unapandisha bendera, unaona zamu ni yake, unaingia. B unarudi pale ulipoachia, unajiandikia zamu, nao huyoo ndani. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth aliifichua kasoro hiyo mwaka huohuo. Leo programu ya kukagua modeli kama SPIN, inayopitia kila hali inayowezekana, huitoa mara moja pamoja na mfululizo wa hatua zenyewe. Kwa nini basi bado tunategemea macho?

Na usiulize usalama peke yake, yaani kwamba wawili wasiingie pamoja. Itifaki isiyomruhusu yeyote kuingia milele ni salama kabisa! Lazima uulize pia kama anayesubiri atafikiwa.

Linalonikera zaidi ni uthibitisho usiotaja umesimama juu ya nini. Algoriti ya Peterson ya mwaka 1981, kufuli jingine la michakato miwili, ni sahihi, mradi kila maandishi yaonekane papo hapo na kwa mpangilio. Prosesa za x86, zilizo kwenye kompyuta nyingi za mezani, haziahidi hivyo: bendera niliyopandisha inaweza kukaa kwenye bafa (hifadhi ya muda ya prosesa) huku nikisoma ya mwenzangu, naye vivyo hivyo, kila mmoja akaona ya mwenzake iko chini. Bila kizuizi cha kumbukumbu, agizo la kuilazimisha prosesa imalize kuandika kwanza, kati ya kuandika na kusoma, sote tumo ndani.

Kasi naipima mwisho, tena mara mbili: kufuli likiwa halina mgombea mwingine, na likigombewa na nyuzi nyingi, yaani mikondo mingi ya utekelezaji inayokwenda pamoja. Anayeniletea kipimo cha kwanza pekee namrudisha akapime tena.