Kidhibiti kinachojiendesha chenyewe

Inakera mno kuweka kidhibiti cha gemu mezani, kisha ukamwona mhusika kwenye skrini akijikokota kuelekea ukutani ilhali hakuna aliyekigusa. Chanzo kinajulikana: ndani ya kijiti cha kumwelekeza mhusika mna sehemu zinazosuguana kila unapokisukuma, zikalika taratibu, ingawa vihisi vya sumaku visivyogusana vimekuwapo miaka mingi (Dreamcast, mashine ya gemu ya mwaka 1998, ilikuwa navyo!). Mwaka 2007 Microsoft ilirefusha waranti ya mashine yake ya gemu, Xbox 360, hadi miaka 3 kwa hitilafu ya mashine yenyewe iliyoashiriwa na taa tatu nyekundu, ikatenga zaidi ya dola bilioni 1, lakini hayo yalikuja baada ya malalamiko kuzagaa. Tunaponunua, tudai waranti ndefu kama hiyo ya kidhibiti mapema, pamoja na kijiti kinachochomoka na kubadilishwa bila kutupa kidhibiti kizima.