Kuhamisha diski tu imekuwa kesi

Jamani nimepata mashine mpya nikasema sitaki kuanza moja, nachomoa SSD (diski) ya kompyuta ya zamani nachomeka huku, programu zangu zote zipo, kazi imeisha. Weee! Inawaka, viduara vinazunguka weee vinazunguka, mara skrini ya bluu, inajizima, inarudi palepale. Mara nne. Kumbe BIOS (ile programu ndogo inayoamsha kompyuta) ya hii mpya imewekwa RAID na ile ya zamani ilikuwa AHCI, hizo ni njia mbili tofauti za kuongea na diski, yaani mfumo unaamka haujui hata diski yake mwenyewe iko wapi 😭

Haya nimebadilisha, ikawaka, nikafurahi dakika tano hivi. Waifai hamna. Draiva, yaani kiprogramu cha kuendesha hiyo waifai, haipo, na draiva yenyewe inapatikana wapi? Intaneti. Naipataje bila waifai sasa?? Ikabidi nichomeke simu kwa waya wa USB, bando langu likaliwa hivihivi.

Halafu kinachoniuma zaidi, kale kamaandishi ka kijivu pale chini kulia eti washa leseni ya Windows. Leseni nimelipia kwa hela yangu mwenyewe, ila imefungwa na mazabodi (ubao mkuu) ya kompyuta ya zamani, ambayo ishakufa. Nikaifufue? Na printa bado hata sijaigusa.