Amri za SQL zikae nyumba moja

Mzee alitoka Sikonge na ndoo tatu za asali. Karani akapima, akaandika jina lake kwenye mfumo wa kompyuta niliotengeneza, akabonyeza Hifadhi. Mfumo ukakataa. Jina linaanza na Ng', na majina ya namna hiyo hapa Tabora yamejaa tele.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nalibandika jina moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza kanzidata (hifadhi ya taarifa za mfumo), na kwenye SQL ritifaa, yaani alama ya ', ndiyo inayofunga maandishi. Kanzidata ilisoma N, ikasoma g, ikakuta ritifaa, ikadhani jina limeishia hapo. Karani akafanya alichoweza: akaifuta. Mzee akasajiliwa kwa jina lisilo lake, maana ng na ng' ni sauti mbili tofauti.

Nilirekebisha ukurasa wa usajili siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata ukurasa wa malipo ukakwamia jina lilelile. Kisha ripoti. Nilipokaa kuhesabu, amri za kumtafuta mfugaji nyuki zilikuwa zimetawanyika kwenye faili 11.

Tangu hapo sina mjadala: kila amri inayogusa jedwali la wafugaji iwe ndani ya klasi moja, yaani kipande kimoja cha programu chenye kazi yake, na msimbo wa nje usijue hata kama kuna SQL. Yangu nimeiita HazinaYaWafugaji. Humo, penye jina naweka alama ya kuuliza, halafu jina lenyewe napeleka kando, kanzidata isilisome kama sehemu ya amri. Hivyohivyo ndivyo unavyomzuia mwenye nia mbaya asipenyeze amri zake. Klasi ya malipo, yaani kilo mara bei ukitoa mkopo wa mizinga, haiijui kanzidata kabisa. Naijaribu bila kuwasha seva.

David Parnas, mtaalamu wa uhandisi wa programu, aliyaandika haya mwaka 1972: gawa programu kwa kufuata maamuzi yanayoweza kubadilika, kila sehemu ifiche uamuzi wake.

Ila usije ukatengeneza klasi moja iitwayo Kanzidata ukajaza humo wafugaji, ndoo, nta na mishahara. Hapo fujo imehama chumba tu.

Jina la mzee tulilirudisha kwa mkono. Msimu huu risiti yake imetoka na ritifaa mahali pake, akaisoma kwa sauti pale mezani, akaikunja, akaitia mfukoni.