Nani Alipie Usafi wa Kanola?

Bei ya kanola (zao la mbegu za mafuta) isiyo ya GMO, yaani isiyobadilishwa vinasaba, ikipanda tu, ushauri ni uleule: panda mbegu ya kawaida, uza Ulaya, bei ya ziada ni yako. Ushauri huu unaniudhi. Unaruka gharama yote iliyopo kati ya shamba na meli, na gharama hiyo humwangukia yuleyule aliyeamua kubaki safi.

Tazameni Australia Magharibi. Mwaka 2010, kule Kojonup, kanola ya GMO iliyokatwa na kulazwa shambani ikauke ilipeperushwa na upepo hadi kwa jirani wa kilimo hai, Steve Marsh. Yeye hata kanola hakuwa amelima. Alipoteza cheti cha kilimo hai kwa takriban asilimia 70 ya shamba lake. Alimshtaki jirani yake, Michael Baxter, akashindwa mwaka 2014, na rufaa ikatupwa mwaka uliofuata. Sawa, Baxter alivuna kwa njia inayokubalika. Bado hasara ililala kwa Marsh, na hapo ndipo ninapokataa kunyamaza.

Sasa tupige hesabu. Ulaya hudai lebo pale GMO inapozidi asilimia 0.9. Kwa lori la tani 30 hiyo ni kilo 270, unaweza kudhani nafasi ni kubwa. Lakini kombaini ya kukodi ikitoka kwenye GMO bila kusafishwa, hubaki na makumi ya kilo za nafaka tumboni, na sehemu kubwa hutokea kwenye tangi la kwanza. Likiwa la tani 8, kilo 72 zimeshafikisha kiwango. Kusafisha maana yake ni kuendesha mashine tupu, kufungua vifuniko vya chini vya mikanda ya kupandishia nafaka, kumwaga mtego wa mawe, kutoa machekecho, kisha kupuliza kwa kompresa kuanzia juu kushuka chini. Ni kazi ya saa nyingi wakati mvua inanyemelea. Baada ya hapo vuna kipande cha pembeni na mzigo huo uuze kwa bei ya kawaida. Lori na ghala navyo vifagiliwe vivyo hivyo.

Na kanola hupukutika. Ukipoteza kilo 100 kwa hekta, na mbegu 1,000 zikiwa na gramu 3.5, umemwaga karibu mbegu 2,900 kila mita ya mraba. Kosa kubwa ni kulima mara tu baada ya kuvuna: mbegu zikifukiwa gizani hulala, kisha huota miaka kadhaa baadaye katikati ya zao lako. Ziache juu wiki kadhaa, ziote au ziliwe, ndipo uyaue maotea. Yakiwa ya mbegu inayostahimili kiuagugu cha glifosati, glifosati haitayagusa. Tafuta kiuagugu kingine au jembe.

Chavua inalaumiwa kupita kiasi. Huvuka mipaka, nakubali, lakini kanola hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, na uchavushaji mtambuka hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka.

Kanola ya oleiki ya juu, yaani yenye asidi ya oleiki nyingi kwenye mafuta yake, ina adui mwingine kabisa. Mafuta yake hupendwa kwa kukaangia kwa sababu oleiki huzidi asilimia 70 na linoleniki, asidi nyingine ya mafuta, iko chini sana. Kanola ya kawaida, hata isiyo na GMO hata chembe, ikichanganyika humo inaharibu sifa hiyo, na kipimo cha vinasaba hakitaiona. Pima asidi za mafuta.

Wanaolima Timau, Kenya, kwa kupokezanisha kanola na ngano hawana jirani wa GMO kwenye zao hili. Wasikubali mkataba unaolipa bei ya ziada mzigo ukishafika tu. Uandikwe nani analipia kusafisha kombaini, nani analipia kipimo, na sampuli ichukuliwe lori likipakiwa, ifungwe lakiri mbele ya pande zote mbili, moja ibaki kwa mkulima. Mzigo ukikataliwa kiwandani, sampuli hiyo ndiyo itakayoonyesha kama uchafu uliingia shambani au njiani.