Yah: Shimo la Mtaani Kwetu

Mimi shule niliachia njiani, ila shimo la mtaani kwetu limenifanya mwandishi. Masika lilianza kama kikombe cha kahawa. Vuli inaingia lilishakuwa beseni, na siku hizi bajaji ikitumbukia abiria wanatoa shahada. Tena mwaka 2022, kwenye ile operesheni ya anwani za makazi, tulisimikiwa nguzo nzuri yenye jina la barabara. Imesimama ukingoni mwa shimo hapohapo. Mgeni akinipigia simu namwambia: ukiona jina la barabara, ujue barabara imeishia hapo.

Nikasema basi, tuandike barua, wakazi wote tusaini. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inatupa haki ya mazingira safi na salama, wakati mtaro wetu umeziba hadi vyura wamehama. Mle ndani ni makumbusho: mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Juni 2019 bado ipo, na rangi zake. Nikakaa usiku naandika, mke wangu ananitazama kama naandika wosia. "YAH: SHIMO NA MTARO. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Hapo nikakwama nusu saa. Ameshahusika, sasa nimwambie nini tena?

Kumbe kuandika ndiyo kazi nyepesi. Tafuta saini uone.

Nyumba ya kwanza mama kaona karatasi na kalamu, akafunga mlango, akanisemea dirishani kwamba hayupo. Simlaumu. Mtaa huu ukiletewa karatasi usaini ujue ni mkopo wa kausha damu, keshokutwa godoro linabebwa. Nyumba ya pili baba kasaini bila kusoma, pembeni akaandika "ahadi 10,000", kisha akaniuliza kadi za harusi zinatoka lini. Hiyo ahadi sijaifuta. Huwezi kujua.

Mama muuza mihogo akanivuta pembeni. "Mwanangu, gari zikifika shimoni zinapunguza mwendo. Zikipunguza, watu wananusa. Wakinusa, wananunua. Mimi nimekukosea nini?" Fundi wa gereji hata hakunijibu, alinionyesha tu springi tatu zilizokatika zikisubiri zamu. Na wale vijana wanaojaza kifusi asubuhi, "bosi, chochote kitu", wakaniomba tusiwe na haraka. Kifusi chenyewe jioni hakipo. Sitaki kumsema mtu.

Lakini kisiki hasa kilikuwa baba mwenye nyumba wangu. La shimo alikubali, la mtaro akagoma. "Hilo futa." Nikamuuliza, kwa nini mzee wangu? Hakusema kitu, akaangalia mawingu. Nikaelewa. Mvua kubwa ikinyesha usiku kuna wenye nyumba hawalali, wanatapisha vyoo, mzigo wote unaondoka na maji. Gari la kunyonya lina bei, mvua ni ya Mungu. Mtaro ukikaguliwa litafuatwa bomba, na bomba lina mwenyewe. Kodi yangu inaisha mwezi ujao. Mtaro nikaufuta.

Wiki mbili, saini 17. Mbili kati ya hizo ni zangu, ya mkono wa kulia na ya kushoto.

Halafu barua lazima ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, agonge muhuri. Siku ya kwanza yuko msibani. Ya pili wino umekauka. Ya tatu yuko msibani, na muhuri kaondoka nao. Alipougonga hatimaye ulitoka nusu, nikawa naupulizia kama chai usije ukafutika. Nikazunguka ofisi, kiatu kikaisha upande, ndipo karani mmoja akanifundisha kwamba TANROADS ni barabara kuu na za mkoa, hizi zetu za mitaani ziko TARURA tangu 2017. Miaka yote hiyo nilikuwa nanung'unikia mlango usiohusika.

Nisiseme uongo, watu walikuja. Vijana wanne, futi kamba ndefu na kopo la rangi nyekundu. Nikawapokea mimi mwenyewe, nimevaa shati la Idi. Shimo walilipima dakika tano. Lakini futi kamba haikusimama pale, ikaendelea kutembea. Barabara kumbe ina hifadhi yake, kulia na kushoto, na sisi ndani ya hifadhi tumejenga mji. Gereji, X. Banda la mihogo, X. Ukuta wa baba mwenye nyumba pamoja na kile choo chake, X mbili. Baraza la mwenyekiti, X. Banda langu la kuku, X ndogo, naona rangi ilikuwa inaishia.

Kesho yake alfajiri nagongewa. Natoka, mtaa mzima uko uani. Yule mama asiyekuwepo yuko mbele kabisa, na kalamu kaja nayo. Saini 94 na chai bado haijachemka. Kichwa cha habari walishakubaliana njiani: "YAH: KUOMBA SHIMO LETU LIACHWE KAMA LILIVYO." Mimi ndiye niandike, nina mwandiko. Na nyuma yao mwenyekiti, kashika muhuri mkono huu, mkono huu chupa mpya ya wino.

"Fanya haraka," ananiambia, "nina msiba."