Tuache kuongeza pleti

Jumamosi nilikuwa gereji Unga Limited, hapa Arusha, kufuata bushi, zile raba za kwenye viungo vya chini ya gari, nikamwona kijana mmoja, dereva wa safari, akishuka garini. Mkono mmoja ulishika mlango, mwingine kiuno. Akasimama kwanza kama mtu aliyetua gunia, ndipo akaanza kutembea. Ni wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa ametoka Ndutu siku hiyohiyo. Bosi wake alikuwa ameshampigia fundi simu: gari linalala nyuma, ongeza pleti mbili kila upande, yaani vile vyuma bapa vya springi vinavyopangwa kimoja juu ya kingine.

Fundi akaanza kufungua yubolti, zile bolti zinazobana springi kwenye ekseli, mhimili wa magurudumu. Nikamuuliza kijana gari likijaa lina uzito gani. Hajui. Nikamuuliza fundi, hajui. Bosi akapigiwa tena, naye hajui. Watu watatu wanaamua springi ya gari ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulipima. Nimerudi Njiro na hasira ambayo mpaka leo haijatoka.

Kila anayenunua pikapu mji huu ananiuliza koili, ile springi ya kujizungusha, au pleti, kana kwamba hapo ndipo mambo yote yanapoamuliwa. Jibu langu ni fupi. Kwa gari la kazi, linalokwenda Natron, Loliondo na Serengeti likiwa limejaa, nyuma weka pleti. Pleti inafanya kazi mbili kwa mpigo: inabeba mzigo na inaishika ekseli mahali pake. Koili inabeba tu. Ekseli lazima ishikwe na mikono yake na fimbo ya kuizuia isiende kando, na kila kiungo kina bushi yake, na kila bushi ina siku yake ya kufa.

Kwa ulaini, koili inashinda, sibishi. Range Rover ilitoka na koili pande zote mwaka 1970, Land Rover 110 ikafuata 1983, na aliyewahi kukaa nyuma ya gari hizo kwenye barabara mbovu hahitaji kuelezwa. Lakini tazama Toyota walivyofanya na Land Cruiser za kazi, toleo la 70, mwaka 1999. Mbele waliweka koili, nyuma wakaacha pleti. Mimi naliona lina mantiki kabisa. Uzito wa mbele ni injini, na injini haishuki garini. Nyuma leo ni patupu, kesho kuna watu, mahema na maji. Ukitaka koili nyuma, nunua gari lililozaliwa na koili, kama Land Cruiser toleo la 80. Usikate chesisi nzima ili uchomelee mabano uliyoyaona kwenye video ya mtu wa Australia.

Springi za upepo? Vumbi letu litazimaliza. Na zile ambazo kila tairi la nyuma linapanda na kushuka peke yake ni tamu kwenye lami, ila gari likijaa tumbo linashuka pamoja na difu, lile bonge la gia la katikati ya magurudumu, wakati kwenye ekseli nzima difu inabaki juu ya ardhi kwa kimo kilekile.

Sasa nirudi kwenye pleti mbili za Jumamosi, maana hapo ndipo tunapoumizana.

Pleti haiongezi ugumu kama unavyoongeza chumvi. Unene wake unaingia kwenye hesabu mara tatu: unene mara unene mara unene. Pleti ya milimita 8, urefu na upana uleule, ni ngumu kuliko ya milimita 6 kwa zaidi ya mara mbili. Zile mbili za Jumamosi zilikatwa kutoka springi ya lori. Nilizishika. Zilikuwa nene kuliko zote zilizokuwa chini ya gari lile, na mkunjo wake haukufanana na wa zile za mwanzo. Moja ilikuwa imepashwa moto ili ikunjwe upya, na chuma cha springi ukikipasha kiholela kinapoteza nguvu ya kurudi.

Gari litasimama vizuri, hilo nakubali. Litainuka nyuma, bosi atapiga picha, atafurahi. Kisha litatoka geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, lami iishe, lianze vile vijituta vya mfululizo vya kutoka Ngorongoro mpaka Naabi na kuendelea Seronera. Pleti nyingi zinasuguana na kugandamana, hivyo kijituta kidogo hakizitoshi kuzikunja. Kinachokunjwa badala yake ni tairi, kiti na mgongo wa dereva. Tairi la nyuma linaanza kurukaruka, na tairi lililo hewani halishiki barabara. Ukiingia kona hivyo, mkia wa gari unakwenda unakotaka wenyewe. Tunaposikia gari la wageni limepinduka, tunasema dereva alikimbiza. Nani anauliza chini kulikuwa na pleti ngapi?

Mimi hili nililipia. Miaka ya nyuma nilikuwa na pikapu ya kubebea vifaa vya kambi, nikaongezewa pleti moja nene, fupi, na fundi niliyemwamini. Kati ya Engaruka na Ngare Sero, mchana wa jua kali, nikasikia mlio kama risasi. Pleti ya kwanza, ile ndefu yenye macho, matundu ya kuifungia kwenye chesisi, ilikuwa imekatika pale hasa ncha ya ile fupi ilipokuwa inaigusa. Mzigo wote ulikuwa unakunjwa kwenye mstari mmoja, siku baada ya siku. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akipita na mbuzi akatusaidia kutafuta kipande cha mgunga, tukakipachika kati ya ekseli na chesisi, tukakifunga kwa mpira wa tyubu, tukarudi Mto wa Mbu kwa mwendo wa baiskeli. Ndiyo maana naipenda pleti: hata ikivunjika inakufikisha. Lakini isingevunjika kama nisingeichezea.

Gari linalala kweli, kwa hiyo lifanyweje? Pima. Kaa chini uhesabu kwanza. Wageni 6 na dereva, kwa kilo 75 kila mmoja, ni kilo 525. Mabegi, kilo 15 kwa mgeni, 90. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20, kilo 34 hivi. Spea tairi mbili, friji, maji, jeki. Unakaribia kilo 800, na bado hujagusa bodi iliyorefushwa, paa la kuinuka na keria. Halafu lipeleke kwenye mizani ya magari likiwa limejaa, upime ekseli ya nyuma peke yake. Na uzito uliokubaliwa na waliolitengeneza gari ukishapitwa, springi haiongezi ruhusa: punguza mzigo. Spea tairi ya pili iliyoko nyuma kabisa, mbali na ekseli, inailaza springi kuliko kilo zake zinavyoonyesha.

Ukishapata namba, nunua seti nzima iliyotengenezwa kwa uzito huo, zenye mkunjo mmoja, na ile nene ya chini kabisa inayoanza kazi pale tu mzigo unapokuja. Weka shokapu, zile bomba za mafuta zinazotuliza mruko wa springi, zinazolingana nazo. Shokapu ndiyo inayonyimwa hela kuliko kitu chochote, na ndiyo inayoteseka kuliko chochote. Baada ya saa nzima ya vijituta mafuta yake yanachemka, yanatoa povu, na unabaki na bomba tupu linaloning'inia. Punguza na upepo wa tairi ukiacha lami, urudishe ukiikuta tena.

Ni ghali, najua. Seti nzima na shokapu nne si bei ya pleti mbili za lori. Lakini mgeni anakaa kwenye gari lile siku 5 au 6, anarudi kwao na kusimulia simba. Dereva anakaa humo msimu mzima, kuanzia Juni mpaka Oktoba, halafu Desemba anaanza tena. Nawajua watu wazima Sakina na Ngaramtoni, walioendesha miaka 20, ambao leo hawawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Hakuna aliyewaongezea chochote kwenye mshahara kwa kila pleti iliyoongezwa chini yao.

Nilimwambia fundi haya yote. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Kaka, mimi nafanya alichoagiza mwenye gari." Nilipoondoka alikuwa anakaza yubolti za upande wa pili. Kijana alikuwa amekaa juu ya ndoo, ameegemea ukuta, akinyoosha mgongo. Jumatatu alikuwa na wageni 6, wa siku 7.