Sigara Hadharani: Nani Aseme "Zima"?

Mei 2017, katika jiji la Zhengzhou nchini China, daktari mmoja aliingia kwenye lifti ya jengo la makazi akamkuta mzee wa miaka 69 akivuta sigara. Akamwambia aizime. Mzee hakupendezwa, wakaanza kujibizana, na maneno yakaendelea hadi nje ya lifti, ikabidi watu wa usimamizi wa jengo waje kuwatuliza. Daktari akaenda zake. Muda si mrefu mzee akaanguka. Moyo ulikuwa umemshinda, akafariki. Familia yake ikaenda mahakamani kudai fidia.

Hukumu ya kwanza ilikuwa ya kupoza mambo: daktari hakumuua mzee, ila kwa kuwa msiba umetokea, awape wafiwa yuan 15,000. Familia haikuridhika, ikakata rufaa, na Januari 2018 mahakama ya rufaa ikapindua kila kitu. Daktari hadaiwi chochote. Majaji walisema kumzuia mtu asivute sigara kwenye lifti ni kutetea maslahi ya umma, na kumtoza fedha aliyefanya hivyo ni kuwavunja moyo wengine.

Kesi hii hunirudia kichwani mara kwa mara, kwa sababu ndani yake mna mila mbili zinazogombana, na zote ni za nchi ile ile. Moja inaona kosa lilianza pale mtu alipowasha sigara. Nyingine inaona kosa lilianza pale mtu alipofungua mdomo. Tukizungumzia tofauti za tamaduni katika suala hili, tunakimbilia kusema wale wanapenda sigara, hawa wanaichukia. Naona swali liko kwingine: katika jamii fulani, ni kazi ya nani kusema "zima"? Na akisema, ni nani atakayeonekana amekosa adabu?

Kwa Wachina wengi sigara imekuwa alama ya ukarimu. Hutolewa mezani jinsi mgeni anavyokaribishwa kinywaji, hupitishwa kabla ya mazungumzo ya biashara, na kwenye harusi bibi harusi huwawashia wageni. Kuikataa tu kunaweza kuonekana ni kumkataa mtu, sembuse kumwambia aizime. Beijing ilipopiga marufuku uvutaji maofisini, migahawani na ndani ya majengo mengine ya umma kuanzia tarehe 1 Juni 2015, watu waliitwa wapige kura mtandaoni kuchagua ishara za mkono ambazo asiyevuta angemwonyesha mvutaji. Zilikuwa tatu: kuziba pua na mdomo kwa mkono, kuinua kiganja mbele kama anayezuia, na kulaza kiganja kimoja juu ya ncha ya mkono mwingine kama refa wa mpira wa kikapu anayesimamisha mchezo. Wapo watakaosema huo ni utoto. Mimi naona aliyebuni jambo lile aliwaelewa watu wake vizuri. Kwamba moshi unadhuru, walishalijua. Walichokosa ni namna ya kusema bila kumvunjia mtu heshima mbele za watu, na ishara iliyochaguliwa na umma ilimpa mnyonge lugha isiyokuwa yake peke yake.

Japani ilipita njia ambayo mgeni kutoka Ulaya huiona kichwa chini miguu juu. Mwaka 2002 wilaya ya Chiyoda, katikati ya Tokyo, ilianza kutoza faini ya yen 2,000 kwa anayevuta akitembea kwenye mitaa iliyotengwa. Wakati huohuo, ndani ya migahawa, watu waliendelea kuvuta pembeni ya sahani za wenzao, mpaka sheria ya nchi nzima ilipoanza kufanya kazi kikamilifu Aprili 2020, nayo ikaziachia nafuu sehemu nyingi ndogo. Lakini hoja yao ina mashiko. Kwenye njia iliyofurika watu, mkono wa mtu mzima unaoning'inia na sigara uko usawa wa uso wa mtoto. Kaa lile dogo jekundu linampita machoni. Ndiyo maana suala zima lilijengwa juu ya adabu: usimkere mwenzio, usimuunguze, usiache vichungi barabarani.

Adabu iliisafisha barabara, ikamsahau mhudumu. Kero humalizika ukiinuka ukaondoka, lakini mhudumu haondoki. Anavuta moshi wa meza zote, zamu nzima, siku zote za wiki. Wala haikuwa kwamba elimu haipo. Mwaka 1981 mtafiti wa hukohuko Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanawake wasiovuta walioolewa na wavutaji wakubwa walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wale ambao waume zao hawavuti. Serikali ya nchi hiyo, kupitia wizara yake ya fedha, inamiliki takriban theluthi moja ya hisa za kampuni ya Japan Tobacco. Kwa hiyo nikiambiwa "ule ni utamaduni wao", kwanza nauliza nani anakula kupitia utamaduni huo.

Ireland ndiko ninakoona jambo hili lilishikwa mahali pake. Tarehe 29 Machi 2004 ikawa nchi ya kwanza kuzuia uvutaji katika sehemu zote za kazi zilizo ndani ya majengo, baa zikiwemo. Wengi walitabiri kwamba haitawezekana, kwamba baa ya kule bila moshi haitakuwa baa. Ikawezekana. Wavutaji walichukua sigara zao wakasimama nje ya mlango, wakaendelea na soga zao. Sheria ilisimama upande wa mfanyakazi anayepumua humo ndani saa zote, na faini, ambayo ingeweza kufika euro 3,000, ilimhusu pia mwenye baa. Mteja hakuhitaji tena kumkabili mteja mwenzake. Mwenye baa ndiye aliyesema, na aliyeambiwa hakuona ametukanwa, maana hata angehamia baa ya jirani angeambiwa vilevile.

Linganisha na Ugiriki. Marufuku ya aina hiyo ilikuwepo tangu 2010, na kwa karibu miaka tisa visahani vya majivu viliendelea kukaa mezani kana kwamba hakuna kilichoandikwa. Jibu jepesi lilikuwa kwamba Wagiriki ndivyo walivyo. Mwishoni mwa 2019 serikali iliamua kuisimamia sheria kwa dhati, ikafungua namba ya simu 1142 ya kupokea malalamiko, na visahani vikaanza kuondolewa. Watu walikuwa walewale. Wafaransa na Waitalia nao wana msemo wa tangu zamani wa mtu "kuvuta kama Mturuki", lakini Uturuki yenyewe iliufukuza moshi migahawani Julai 2009, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Ufaransa.

Kuna jambo linanikera zaidi. Hasira ya jamii mara nyingi haiufuati moshi, inamfuata mvutaji. Mwaka 1908 baraza la jiji la New York lilipitisha amri ya kuzuia uvutaji katika sehemu za umma kwa wanawake peke yao. Wanaume waendelee kama kawaida. Meya aliikataa muda mfupi baadaye, lakini fikra ile haikufa, na wenye tumbaku waliiona mapema kuliko madaktari: kwenye maandamano ya Pasaka ya 1929 jijini humo, Edward Bernays, akifanya kazi kwa ajili ya kampuni ya American Tobacco, alipanga wasichana wavute sigara wakitembea mbele ya wapiga picha, na sigara zao zikapewa jina la mienge ya uhuru. Dharau waliyofanyiwa wanawake ikageuzwa biashara. Na mpaka leo, katika jamii nyingi mno, mzee anayepuliza moshi katikati ya watoto hatazamwi mara mbili, ila msichana anayevuta peke yake mahali pa wazi, pasipo na mtu wa kumdhuru, anasemwa hadi jioni. Hapo hatulindi mapafu ya yeyote. Tunalinda ngazi ya nani yuko juu ya nani.

Upande wa wavutaji nao una hoja za haki. Nikotini humfunga mtu. Wengi walianza wakiwa vijana wadogo na wamejaribu kuacha mara kadhaa wakashindwa. Kumkodolea macho mtu wa namna hiyo kama mhalifu, wakati amejitenga kwenye kona yake, ni ukatili usiomponya mtu yeyote. Pia hewa ya wazi si sawa na chumba. Nje moshi hutawanyika haraka, na madhara yanategemea uko karibu kiasi gani na kwa muda gani. Tangu mwishoni mwa Juni 2025 Ufaransa imezuia uvutaji kwenye fukwe, bustani za umma, vituo vya basi na maeneo yanayozunguka shule, kwa faini ya euro 135. Kituo cha basi na shule naafiki bila kusita. Kwenye ufuo mpana wenye upepo nasita. Naona sheria imetoka kwenye kumlinda jirani, imehamia kwenye kumficha mvutaji. Watetezi wake husema mtoto huiga anachokiona, na hoja hiyo ina uzito wake, ila basi itetewe hivyo, waziwazi, bila kuazima jina la moshi.

Ndani ya nyumba, ofisi au chombo cha usafiri, sina suluhu ya katikati. Ndege za abiria zilikuwa na safu za wavutaji na safu za wasiovuta kwa miaka mingi, wote wakipumua hewa ya bomba moja. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema bayana kwamba hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara ya mtu mwingine, na kwamba kutenga meza au kuweka feni hakuuondoi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao takriban milioni 1.6 hawavuti wao wenyewe.

Ninaowaelewa zaidi, na wanaoniumiza zaidi, ni wale wanaonyamaza kwa ajili ya heshima. Katika jamii nyingi mdogo hamkemei mkubwa, mgeni hamsahihishi mwenyeji, na anayelipwa hamfundishi anayelipa. Ni mila nzuri. Nisingependa kuishi mahali ambapo kila mtu anamfokea kila mtu. Lakini mila hiyo ikiachwa peke yake kwenye suala la moshi, anayeumia daima ni yuleyule wa chini: mtoto, mhudumu, mke, kijana wa kazi.

Nilikuwamo ndani ya basi, mvua inanyesha, madirisha yote yamefungwa. Viti viwili mbele yangu mtu mzima wa makamo, amevaa vizuri, alitoa kiberiti akawasha. Moshi ulipanda hadi kwenye dari, ukakaa. Kijana mmoja akakohoa kikohozi cha kutengeneza. Mwingine akakunja uso akageukia dirishani. Juu ya kichwa cha dereva palikuwa na kibandiko chenye picha ya sigara iliyopigwa mstari mwekundu, na kondakta alikuwa amekaa chini yake, anahesabu fedha. Jirani wa yule bwana alikuwa mama mwenye mtoto mchanga, wa miezi minne hivi. Alimfunika mtoto uso kwa mtandio, akamfunua, akamfunika tena, kwa sababu akimfunika hapumui vizuri na akimfunua anakohoa. Sikusema kitu. Nilijiambia kwamba yule bwana amenizidi umri. Sigara iliisha yenyewe, akaikanyaga, safari ikaendelea. Tulikuwa watu wazima zaidi ya arobaini mle ndani, na kazi ya kusema tulikuwa tumemwachia mama yule.